Maji ya Uvuguvugu: Alhamisi Kuu ya Mwenye Funguo

Ndugu zangu wa Muheza, Tanga, wakinipigia simu na kuuliza nafanya kazi gani Marekani, nawajibu "kanisani", nao wanadhani nimekuwa padri. Hapana. Mimi ndiye mwenye funguo. Boila, taka, viti, theluji, choo kilichoziba Jumapili katikati ya mahubiri: yote hayo ni yangu, katika parokia moja ya Kanisa la Episkopali hapa Louisville, Kentucky.

Kwa wanaouliza hilo ni dhehebu gani: ni Waanglikana wenzetu. Wamarekani walipoachana na mfalme wa Uingereza, mapadri wao hawakuweza tena kuapa utii kwake ili wapate askofu. Samuel Seabury akaenda Aberdeen, Uskoti, akawekwa wakfu huko mwaka 1784. Jina likabadilika, sala zikabaki jamaa. Mtu aliyekulia kwenye uvumba wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya kwetu, kama mimi hapotei humu.

Siku niliyochagua kuwasimulia ni Alhamisi Kuu, ile ya kabla ya Pasaka tunapokumbuka Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu, kwa sababu ndiyo siku ninayobeba maji mengi kuliko zote.

Saa 11 na nusu alfajiri

Kwanza boila, mtambo wa kupasha kanisa joto. Ibada ni saa 1 usiku, lakini moto niliuwasha tangu jana, wala si kwa ajili ya watu. Ni kwa ajili ya kinanda. Kinanda chetu ni cha mabomba, na mabomba yake mengi hupanda sauti hewa ikipata joto na kushuka ikipoa. Yale yenye ulimi wa shaba ndani hayafuati wenzake, hubaki karibu palepale. Fundi alikuja mwanzoni mwa wiki akakilinganisha kanisa likiwa na joto la nyuzi 20. Nikiliacha lipoe usiku kucha halafu nilipashe harakaharaka jioni, nusu ya kinanda itaimba huku na nusu kule, na mpiga kinanda atanitupia jicho ambalo sitaki kuliona Juma Kuu.

Halafu nta. Jana usiku tulikuwa na ibada ya Giza. Mishumaa kumi na mitano inazimwa mmoja baada ya mwingine zaburi zikisomwa, mpaka unabaki mmoja, nao unafichwa. Kanisa linakuwa giza tupu, kisha kinasikika kishindo kikubwa. Kishindo hicho ni mimi, nimesimama nyuma ya mlango wa sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, na ubao mkononi. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kabla ya wakati, zaburi haijaisha, na kuna wazee hapa hawajanisamehe hadi leo.

Nta ikimwagikia zulia, usiikwangue kwa kisu. Weka karatasi ya kaki juu ya tone, pitisha pasi isiyo moto sana, utaona nta inapanda kwenye karatasi kama mafuta ya andazi kwenye gazeti. Nilikuwa na matone tisa. Nilimaliza kabla jua halijachomoza.

Saa 2 asubuhi

Wamama wa altare wamefika. Wanne, mdogo wao ana miaka sitini na kitu. Wanapiga pasi vitambaa vya kitani kwa utulivu wa daktari wa upasuaji, na usithubutu kuweka kikombe chako cha kahawa karibu. Wananihesabia mabeseni: mawili ya udongo, jagi mbili, taulo ishirini na nne.

"Mwaka jana zilitumika ngapi?" nikawauliza.

"Kumi na moja."

"Basi kwa nini ishirini na nne?"

Mkubwa wao akaniangalia juu ya miwani. "Kwa sababu siku moja watakuja."

Saa 4 asubuhi

Ghala la chakula liko chini ya kanisa, ngazi kumi na nne kutoka mlango wa nyuma. Kila Alhamisi tunafungua, Juma Kuu au sio Juma Kuu. Chakula kingi kinatoka benki ya chakula ya hapa mjini, Dare to Care, kingine tunanunua kwa sadaka. Maharage ya kopo, siagi ya karanga, viazi, maziwa, kuku wa barafu siku za neema.

Anayepanga foleni ni mzee mmoja, hakimu mstaafu. Mgongo unamuuma, lakini ukimgusia apumzike anakasirika. Anabeba maboksi ya watu mpaka kwenye magari yao, anajua majina ya watoto wao, anajua nani ana sukari asipewe matunda ya kopo. Mtu mwema kabisa. Mkumbukeni, nitarudi kwake.

Watu wetu wengi siku hizi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kina kazi. Leo mama mmoja wa Uvira alinivamia kabla sijafungua mlango vizuri.

"Papa, ile bunga ya wiki ilipita, mulitia nini ndani? Bugali ilivimba sawa mukate! Tena iko na munyu!"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hapa Kentucky unga wa mahindi mweupe unauzwa wa aina mbili, na mifuko inafanana kama pacha. Mmoja ni unga mtupu. Mwingine umeshatiwa hamira ya unga na chumvi kiwandani, kwa ajili ya mikate yao ya mahindi. Ukiupika ugali unaumuka sufuriani, unakuwa kama sifongo yenye chumvi. Mimi mwenyewe uliniadhiri mwezi wangu wa kwanza hapa, mbele ya wageni. Nikaenda rafuni, nikachambua mifuko mmoja mmoja, ile yenye hamira nikaichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Sasa Wamarekani wanajiuliza kwa nini unga wa mikate umebarikiwa.

Wageni wapya wamepungua, hilo nalo niliseme. Kwa karibu miaka 40 Kanisa la Episkopali lilipokea wakimbizi kwa mkataba na serikali ya Marekani. Mei 2025 Askofu Kiongozi, Sean Rowe, alitangaza kwamba kanisa linajitoa kwenye mkataba huo, baada ya kutakiwa kuwapokea wazungu wa Afrika Kusini huku milango ikiwa imefungwa kwa wengine waliosubiri kambini miaka na miaka. Mama wa Uvira ana dada yake bado Nyarugusu. Kila Alhamisi ananiuliza kama kuna habari, na kila Alhamisi namjibu vilevile.

Akifunga mfuko wake akaona mabeseni niliyoyashusha kuyasuuza.

"Haya ya kufanya nini?"

"Usiku tunaosha miguu."

"Ya nani?"

"Ya yeyote atakayekaa kwenye kiti."

"Na ule mama padri ndiye anaosha, yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, kwa magoti."

Akatikisa kichwa. "Nitakuya kuona."

Saa 7 mchana

Kiporo cha wali na maharage, dakika kumi na tano, nimekaa juu ya ndoo. Tuendelee.

Saa 9 alasiri

Mpiga kinanda anafanya mazoezi. Kwaya yetu ina watu kumi na wanane, na wanne kati yao wanalipwa. Ndiyo, wanalipwa kuimba kwaya. Nilipomwambia dada yangu, mwimbaji wa miaka thelathini kule nyumbani, alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Mimi naimba besi bure, na nashukuru hakuna anayenidai.

Wakati wa kuosha miguu tunaimba namba 602 katika kitabu cha nyimbo cha mwaka 1982. Tuni yake inaitwa Chereponi, imetoka kaskazini mwa Ghana. Leo bwana mkubwa anaipiga kama anasindikiza jeneza. Nikavumilia beti mbili. Ubeti wa tatu nikaanza kugonga benchi kwa viganja. Akageuka.

"Ghana wanaimba hivyo?"

Ghana sijawahi kukanyaga. Kutoka Muheza hadi huko ni kuvuka bara zima. Lakini nikajibu "ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa sokoni Tamale, naye akaongeza mwendo. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri zaidi.

Kisha maji. Maji ya kuosha miguu yana siri yake. Ukiyaleta ya moto saa 12, ikifika saa 1 na nusu ni baridi ya kumkaukisha mtu. Ukiyaleta ya baridi, mtu akitia mguu atapiga kelele na ibada imeharibika. Mimi nachemsha jikoni, natia kwenye chupa nne kubwa za chai, na ndoo ya maji baridi pembeni, halafu nachanganya nyuma ya nguzo dakika tano kabla. Kipimo changu ni kifundo cha mkono, kama unavyopima uji wa mtoto.

Marehemu baba alifanya kazi hiihii. Alitunza sakristia kwetu, na Alhamisi Kuu alikuwa akichota maji kisimani asubuhi, akiyaanika juani kwenye karai mpaka jioni. Padri aliosha wazee kumi na wawili waliochaguliwa. Wazee hao mchana kutwa walikuwa mtoni na jiwe la kusugulia, wakijisugua magaga mpaka ngozi inang'aa, ili padri asikute vumbi. Nilidhani hiyo ni aibu ya kwetu tu. Kumbe hapa nako, wamama wa altare wameniambia, kuna wanaokwenda saluni kupakwa rangi kucha Jumatano ili Alhamisi waoshwe.

Saa 1 usiku

Watu kama tisini. Kwenye wimbo wa Utukufu kengele zote zinapigwa, watoto wamepewa vikengele vya mkononi, kelele kama soko. Zikinyamaza zimenyamaza, hatutazisikia tena hadi Mkesha wa Pasaka.

Likafika la miguu. Viti viwili mbele. Mama Kasisi (tunamwita Mama kama tunavyomwita padri Baba, wanawake walikubaliwa rasmi katika upadri hapa mwaka 1976, mimi nilikokulia sikuwahi kumwona hata mmoja altareni) akavua joho, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti. Kwaya ikaanza. Viti vikabaki vitupu.

Hapo ndipo ninapowatazama watu kila mwaka. Kanisa limejaa waliobeba maboksi asubuhi, waliopika supu, walioandika hundi. Sasa wameambiwa wavue soksi tu, nao wanasoma karatasi ya ibada kama hati ya mahakama. Hakimu wetu yuko benchi la tatu. Kila mwaka ananiambia "mwakani". Watu wa ghala la chakula wanashuka ngazi kila Alhamisi mbele ya majirani, wanapokea mfuko, wanasema asante na kurudi tena wiki ijayo. Mwaka wa kumi na moja huu naangalia, na ninaapa kushuka zile ngazi kumi na nne ni kazi ngumu kuliko kubeba boksi lolote.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama wa Uvira, kitenge cha kijani, watoto watatu. Hakukaa nyuma. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele, akavua ndala, akakaa kitini kama aliyepanda basi na kupata nafasi. Mtoto mdogo akang'ang'ania naye aoshwe, akatia miguu yote miwili kwa kishindo, maji yakamrukia Mama Kasisi usoni na yakaniingia mimi viatuni. Watu wakacheka. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja: kijana wa besi, wamama wawili wa altare, mwalimu mmoja anayelia kila ibada.

Hakimu alisimama. Moyo wangu ukaruka. Akaja mbele, akachukua taulo zilizolowa, akaanza kuzikunja.

Mama Kasisi akaniangalia mimi, akakipigapiga kile kiti kitupu. Nikamwonyesha jagi mkononi. Nikaenda kuongeza maji.

Taulo kumi na nne.

Saa 2 na nusu usiku

Kuvua altare. Zaburi ya 22 inasomwa bila muziki, na sisi tunatoa kila kitu: vinara, vitambaa, mito, kitabu, zulia dogo. Mimi nasimama kwenye swichi, nazima taa safu kwa safu. Mwisho altare inabaki mbao tupu. Watu wengi hawajui ilivyo chini ya kile kitani: mti wa mwaloni, alama ya divai yenye umbo la ziwa, mashimo ya pini za miaka mingi, na pembeni herufi mbili ambazo mtoto fulani wa zamani alizichonga kwa kisu. Mama Kasisi anaiosha kwa maji, anaifuta, anatoka. Hakuna baraka. Watu wanaondoka kimya.

Saa 3 hadi saa 6 usiku

Mkesha kwenye kikanisa cha pembeni, palipohifadhiwa Mkate na Divai ya kesho, maana Ijumaa Kuu hapawekwi wakfu vipya. Watu wamejiandikisha saa mojamoja. Hakimu amechukua saa ya mwisho, ile ambayo hakuna anayeitaka. Nilimkuta amenyooka kwenye kiti cha mbao, mgongo ule ule. Nikamwekea mto bila kumuuliza. Hakuukataa.

Saa 6 na robo usiku

Maji ya miguu simwagi kwenye sinki. Hakuna sheria, ni mazoea ya baba. Nayatoa nje, nayamwaga taratibu kwenye shina la mti ulio karibu na maegesho, ambao wiki hii umechanua maua ya zambarau kabla ya kutoa jani hata moja.

Nikarudi chini kuangalia boila. Miguu ilikuwa imelowa tangu saa 1 na nusu. Nikakaa juu ya ndoo, nikavua viatu, nikazianika soksi juu ya bomba la moto. Ya kushoto ina tundu la kidole gumba. Kesho Ijumaa Kuu ni saa 6 mchana, kinanda hakipigwi, lakini fundi kasema joto lisishuke.