Nilivyobadilisha hedi gasketi ya Landa yangu hapa Kigoma, mara mbili

Landa yangu ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1997, injini ya 300Tdi, silinda nne, dizeli, haina kompyuta wala nini, na ndo sababu niliinunua. Kijiweni pale Mwanga nilikuwa nawaambia wenye magari ya kisasa kwamba hii yangu hata mtoto wa darasa la tano anaitengeneza kwa spana mbili. Mdomo huu.

Ilianza na maji kupungua. Kila asubuhi nafungua kitenki cha maji naongeza kama lita moja hivi, nikichungulia chini ya gari hakuna hata tone, pakavu kabisa. Fundi wangu wa kwanza, kijana mzuri tu ila ana haraka kama anadaiwa, akaniambia "toa termostati bro, huku kwetu joto, hiyo waliwekewa Wazungu wa kwenye barafu". Akaitoa, yaani kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Nikalipa elfu kumi ili kutolewa kitu changu kwenye gari yangu, na termostati akabaki nayo yeye. Sikusema kitu kwa sababu geji ilishuka, nikaona huyu kijana ana kipaji.

Sasa Jumamosi moja nikabeba saruji na mabati ya shemeji, tunapandisha Manyovu. Wanaoijua ile njia wanajua, ukishaiacha Mwandiga ni milima juu ya milima. Geji ikawa inapanda taratibu, nikawa naiangalia kwa jicho moja, halafu ghafla ikaanguka yenyewe mpaka chini kabisa kwenye baridi. Nilifurahi! Nikamgeukia shemeji nikamwambia "unaona Mwingereza alivyotengeneza chuma, imejipoza yenyewe". Kumbe sensa ya geji inasoma maji, na maji yakishaisha haina cha kusoma, inalala. Injini ilikuwa inaungua mimi napiga stori. Dakika chache mbele nguvu ikakata, moshi mweupe nyuma kama tunachoma majani mabichi, na hita ikaanza kutoa harufu ambayo sitaisahau. Shemeji hakusema neno, alishuka tu akaanza kuhesabu mifuko yake ya saruji.

Tulivutwa mpaka Gungu. Dalili zote za kufa kwa hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya chini) zilikuwepo, yaani ukiwasha ikiwa ya baridi hosi paipu ya juu inakaza kama jiwe ndani ya dakika moja, na kwenye kitenki maji yanatokota mapovu wakati hata moto hayajapata. Oili ilikuwa bado nyeusi, nikamshukuru Mungu, maana ukichomoa dipstiki ukakuta chai ya maziwa, yaani maji yamechanganyika na oili, ujue una kazi nyingine kubwa zaidi.

Ushauri wa kuziba maji ulikuja wa bure na wa kila aina. Mmoja ute mweupe wa yai kwenye rejeta. Mwingine pilipili manga ya unga. Mwingine, na huyu ana leseni ya daraja kubwa, akasema nisage kipande cha sabuni. Nikasema jamani hii ni injini au mchuzi? (Yai nililijaribu. Msiniulize. Rejeta ilinuka wiki nzima.)

Gasketi ya kwanza nilimwachia yule yule kijana. Akanitoza na pesa ya kugusa taimini, nikalipa, baadaye ndo nikajua Tdi kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko chini kwenye bloku, inasukuma kwa pushirodi, vile vifito virefu, kwa hiyo ukitoa hedi mkanda wa taimini hauguswi kabisa. Alipotoa hedi akaigeuza, akaipiga tochi, akasema "imenyooka hii". Imenyooka kwa macho! Hedi ni ya aluminiamu imekaa juu ya bloku ya chuma cha kalibu, imechemka bila maji, halafu inyooke? Mimi nikasisitiza, basi akachukua msasa akauzungushia kipande cha mbao na kuanza kusugua, kwa nguvu zote, huku anaimba. Alisugua zaidi katikati kuliko pembeni. Nilisimama pale nimeshika soda, natazama mtu ananichimbia shimo kwenye hedi yangu, na nikaona anajituma. Kisha akapaka silikoni nyekundu pande zote mbili za gasketi kama anapaka siagi, akakaza bolti kwa bomba refu mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Akasema imekaza.

Siku 11. Nilizihesabu. Ya kumi na moja nilikuwa natoka Uvinza, moshi mweupe ule ule.

Hapo nikaapa nafanya mwenyewe. Ila nilipata mtu wa kunishika mkono, mzee mmoja pale Kibirizi anayetengeneza injini za maboti. Nilimwendea jioni, shikamoo mzee, marahaba, nikaeleza kuanzia mwanzo. Hakuuliza habari za gasketi hata kidogo. Aliuliza "maji ya kwanza yale, kabla ya yote, yalikuwa yanaenda wapi?" Nikabaki nimetoa macho. Mzee akasema basi hujui unachotengeneza baba, utabadilisha gasketi mpaka uzeeke.

Alichofanya nimekipenda sana ndo maana nakiandika kwa kirefu. Alichukua mfuniko wa zamani wa kitenki cha maji, akautoboa katikati, akaingiza nipeli ya tyubu ya baiskeli pamoja na kipande cha mpira wake, akakaza kwa nati. Tukajaza maji gari ikiwa ya baridi, tukafunga ule mfuniko, tukapampu kwa pampu ya baiskeli. Sio nyingi, ya kwake ina geji, alisimama kwenye PSI 15 akasema mkipita hapo mnapasua rejeta. Hewa nyingine ilikuwa inapotelea ndani kwenye silinda, unaisikia kabisa inafanya sssss, hiyo ni gasketi ya hedi iliyokufa. Lakini akachukua kioo cha mama wa nyumbani kwake, kile kidogo cha kujitazamia, akakiingiza mbele ya injini nyuma ya lile bano kubwa lililobeba pampu ya maji na pampu ya stelingi, mimi namulika tochi. Tone. Likakaa, likadondoka, likaja lingine. Kuna gasketi ndogo pale kati ya bano na bloku, ina umbo la herufi P kabisa, ikichoka maji yanatoka kidogo kidogo na kukaukia kwenye injini ya moto kabla hayajafika chini. Gasketi ya kikaratasi, bei yake haifiki hata ya kuku. Hiyo ndo iliyoniua.

Kufungua sitaeleza, ni kufungua tu. Ila kuna mawili. Bolti za hedi ziko za urefu tofauti, chukua boksi la biskuti lichore umbo la hedi, toboa matundu, kila bolti ichomeke mahali pake, na pushirodi vilevile. La pili, juu ya kila valvu kuna kikofia kidogo cha chuma, viko 8, vimekaa tu havijashikwa na chochote zaidi ya oili. Mimi nilinyanyua rokaamu (ile mikono inayokandamiza valvu) kwa kujiamini, nikahesabu vikofia kwenye kopo la Blue Band: 7. Nikahesabu tena. 7. Mzee akaacha kunywa kahawa. Kikidondokea kwenye tundu la pushirodi kinaingia tumboni kwa injini, na hapo ni kushusha sampu, lile bakuli la oili la chini. Nililala chini, nikachokonoa na sumaku ya spika, nikapekua mchanga wote wa uwanja ule, watoto nikawaahidi elfu mbili kwa atakayekiona. Saa nzima na nusu. Kilikuwa kimegandia chini ya mkono wa rokaamu kwa oili, kiko mezani muda wote. Aliyekiona ni mtoto wa miaka sita na elfu mbili alichukua.

Hedi ilibidi ikaskimiwe kwa mashine, yaani uso wake ukwanguliwe kidogo mpaka unyooke, na fundi wa lathe ambaye mzee anamwamini yuko Tabora. Basi nikaivika gunia, nikapanda nayo treni ya reli ya kati, daraja la tatu, kilomita kama 400 hivi na usiku mzima, hedi katikati ya miguu yangu na madumu ya mawese kushoto na dagaa kulia. Mama mmoja akauliza "baba hicho ni nini, mbona kizito hivo?" nikamjibu kichwa. Akahama siti. Fundi wa Tabora alipoweka rula yake ya chuma na kupitisha fila (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) katikati akaniita nione, ile fila nene ilipita kama inaingia mlangoni. Akaniuliza nani alisugua hapa. Nikasema simjui. Akaipima kwa presha kama ina ufa, haina, akaskimu, nikalipa kama elfu tisini hivi na soda.

Gasketi niliagiza Dar na duka moja likaniletea ya 200Tdi, wakaniambia ni ile ile. Sio ile ile! Nikarudisha, wiki ikapotea. Na hata ya 300 zipo tatu za unene tofauti, angalia matundu madogo pembeni: tundu moja maana yake unene wa milimita 1.3, mawili 1.4, matatu 1.5, na unachagua kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Usichague kwa kilichopo dukani.

Kabla ya kurudisha hedi kausha matundu ya bolti kwenye bloku, mimi nilitumia sirinji na kitambaa kwenye waya. Ukiacha maji au oili mle, bolti ikishuka haina pa kuyapeleka, inaweza kupasua bloku. Silikoni hakuna, gasketi inakaa kavu.

Kukaza sasa. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, niliazima kwa mzee. Bolti zote Newton mita 40, kuanzia katikati kwenda nje, halafu nyuzi 60, halafu nyuzi 60 tena, na zile ndefu kabisa nyuzi 20 za ziada. Mimi kifaa cha kupimia nyuzi sina, na Kigoma nzima niliyemuuliza alinitazama kama nimeuliza joto la mwezini. Usiku nimelala nikashtuka: kichwa cha bolti kina pande sita! Duara ni 360, gawa kwa sita, ni 60. Upande mmoja wa bolti ndo nyuzi 60 zenyewe! Nilimwamsha mama watoto kumweleza, akasema "Baba Zawadi lala". Asubuhi nikachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, nikaweka nukta kwenye kona moja ya kila bolti na nyingine kwenye hedi ilipoelekea kona inayofuata. Unakaza mpaka nukta zikutane, basi. Zile 20 ni theluthi ya upande, hapo ni jicho na dua. Mzee alipoona nukta nyekundu zimejipanga alicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema "hii nitaiiba".

Tapeti, yaani nafasi kati ya rokaamu na valvu, milimita 0.20 injini ya baridi, gasketi ya P mpya, termostati mpya. Maji nilijaza kupitia kizibo cha juu ya nyumba ya termostati, pua ya gari imeinuliwa kwenye kilima, taratibu mpaka hewa iishe.

Tangu hapo nimepanda Manyovu mara nne, moja nikiwa na mchanga wa shemeji, geji imesimama katikati haitikisiki. Jumla nadhani imefika laki sita au saba, ukiondoa yai na rangi ya kucha. Yule kijana nilimkuta juzi Gungu, amenisalimia vizuri tu. Termostati yangu hajarudisha.