Ukuta uliotoa tumbo

Tangu Beit al-Ajaib ilipoporomoka upande mmoja, tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, siwezi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar bila kutazama kuta. Jumba lile la Sultani Barghash lilisimama tangu 1883. Kwa hiyo mwenye nyumba mmoja aliponipigia simu kwamba ukuta wake umetoa tumbo, nilibeba kamera na taa siku ileile, nikampitia babu, fundi wa chokaa ninayefanya naye kazi.

Tatizo la kichochoro ni kwamba huna pa kurudi nyuma ukauona ukuta mzima. Nilipiga picha 612, kila moja ikichukua sehemu kubwa ya iliyotangulia, na usiku kompyuta ikaziunga mpaka ukuta ukatokea wote kwenye kioo, nukta kwa nukta. Nikaweka rangi: buluu palipo wima, nyekundu palipotoka nje. Wekundu ukajipanga mstari mmoja, usawa wa dari ya chini. Sentimita 9.

"Shikamoo babu. Hebu tazama hapa."

"Marahaba mwanangu." Akaishika tableti kwa mikono miwili, akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akapanda ngazi, akachomeka bisibisi kwenye boriti, pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka mpini.

Boriti za mikoko hazibebi sakafu tu. Zinazifunga kuta mbili zisiachane, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita 3 au pungufu. Ncha zikioza, ukuta umebaki peke yake. Na hizi zilioza kwa sababu ya saruji. Aliyekarabati zamani aliipiga lipu ya saruji nje nzima. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likiwaka. Ukiyafunika kwa saruji, maji hubaki ndani pamoja na chumvi, jiwe linamomonyoka taratibu na ncha ya boriti hailali kavu hata siku moja. Naumia kila nikiona mfuko wa saruji umeegemezwa kwenye ukuta wa namna hii. Jamani, tusifanye hivyo.

Tao la mlango wa chini nalo lilipasuka, likahitaji kushikiliwa wakati wa kujengwa upya. Nililipima kutoka kwenye picha zilezile, nikaona kushoto kuko chini kuliko kulia kwa sentimita 3. Sikulinyoosha. Nilipeleka mchoro kwenye karakana ya mbao yenye mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, wakanitolea kalibu ya plaiwudi yenye upogo uleule. Babu alipitisha ukucha kati ya kalibu na jiwe, akitafuta nafasi ya kutia kabari. Hakuipata. "Hii umepima," akasema, na kwangu hilo lilitosha kwa mwezi mzima.

Nilitaka pia kila jiwe tulilolitoa lipewe namba lirudi mahali pake. Hapo alikataa. Ukuta huu ni wa mawe ya kila umbo yaliyozama kwenye chokaa. Fundi hulizungusha jiwe mkononi mpaka lipate kikao chake, na kikao cha jana hakipo tena. Nilimtazama akifanya hivyo asubuhi nzima: analigeuza mara mbili, mara tatu, analikalisha, analigonga kwa mpini wa mwiko, anasikiliza. Sauti ikiwa ya uwazi, analitoa.

Sasa boriti mpya zimeingia na chokaa inakauka polepole, chini ya magunia tunayoyalowesha asubuhi na jioni. Kila Ijumaa baada ya sala napiga picha upya na kulinganisha. Wiki tatu mfululizo ukuta haujasogea. Bado upande wa nyuma una saruji, na Jumatatu tunaanza kuibandua.