Kompyuta ya zamani ilikataa kila mfumo: jinsi nilivyotatua

Hatimaye imewaka, nami naandika upesi ili mwenye shida kama hii asihangaike. Ni kompyuta mpakato ndogo ya nyumbani: prosesa Intel Atom N270, RAM GB 1. Watoto wanaihitaji kwa kuandika na kusoma PDF tu.

Nilijaribu kusakinisha kwa flashi matoleo mawili mapya ya Linux (mfumo endeshi wa bure), yote yakagoma. Nikabadilisha flashi, nikahamia tundu jingine la USB, wapi! Skrini ilitoa maneno machache meupe, ikaganda.

Jibu lilikuwa kwenye maneno hayohayo: mfumo unadai x86-64, prosesa ni i686. Yaani prosesa hii ni ya biti 32, na mafaili niliyopakua ni ya biti 64. Flashi ilikuwa nzima kabisa.

Nikapakua antiX 23, toleo jepesi la Linux: faili lenye 386 kwenye jina lake (biti 32), si lile la x64 (biti 64). Hapo tazameni vizuri sana, majina yanafanana mno. Nikaliandika kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta, nikawasha kupitia flashi, nikajaribu kwanza sauti na Wi-Fi. Vilipokubali ndipo nikasakinisha. LibreOffice, programu ya kuandikia, inafunguka taratibu, lakini inafunguka. Kwenye kivinjari, msizidishe vichupo viwili vitatu.