Nyumba moja huku, nyingine kule

Anayefika bonde la Großes Walsertal kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: kijiji chenyewe kiko wapi? Basi linapanda kutoka kijiji cha Thüringen, linapita kanisa, shule ndogo, ofisi ya kata, halafu ni majani tu na mteremko. Nyumba zipo, ila moja moja. Hii iko juu ya korongo, ile chini ya msitu, ya tatu ng'ambo ya kijito: kwa macho ni hapo tu, kwa miguu ni nusu saa ya jasho. Bonde zima lina kata sita na watu karibu 3,500, waliotapakaa kwenye kilomita za mraba 192 za milima ya Vorarlberg, magharibi kabisa mwa Austria.

Mimi ni muuguzi wa majumbani. Nina gari dogo lenye matairi ya theluji na minyororo kwenye buti, na asubuhi yangu yote huisha njiani: hapa kusafisha kidonda cha mguu, pale kupima sukari na kupanga dawa za wiki, kwingine kumwogesha mzee na kumvalisha soksi za kubana. Mwenzangu wa mjini anaweza kupanda ngazi za jengo moja akahudumia wagonjwa watatu. Huku kati ya mgonjwa na mgonjwa kuna mlima.

Jumanne, kwenye kikao cha kazi, mtu mmoja alitoa hesabu yake. Wazee wanaoishi peke yao huko juu wakihamishiwa chini, Ludesch au Bludenz, muuguzi mmoja atawafikia wagonjwa maradufu ya anaowafikia sasa. Alisema kwa nia njema, na kwa upande wa kilomita na saa hesabu yake haina kasoro. Lakini neno hilo limenikaa rohoni wiki nzima, na leo Jumapili nimeona niliandike.

Watu wa hapa ni Wawalser. Mababu zao walitoka Wallis, kusini mwa Uswisi, kuanzia karne ya 13, wakavuka milima na mifugo yao kutafuta malisho. Wengine walishukia upande wa Italia, kule Gressoney na Alagna. Wengine wakaenda Davos, wengine Triesenberg katika Liechtenstein ya leo, na wengine wakaishia huku. Ardhi ya chini ilikwishakuwa na wenyewe. Walichopewa ni sehemu za juu zilizokataliwa na kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo wakapata masharti ambayo wakulima wengi wa Ulaya ya zama zile hawakuyapata: wawe watu huru, na shamba walirithishe watoto wao, mradi kodi inalipwa na wanaume wanaitika wakiitwa vitani. Wa Damüls, ng'ambo ya njia ya mlimani ya Faschina, walipewa ardhi yao na watawala wa ukoo wa Montfort mwaka 1313. Kila kaya ikajenga katikati ya majani yake.

Kwa nini katikati ya majani, si karibu na kanisa? Hilo nilielezwa na mzee mmoja siku niliyokuwa namfunga bandeji. "Sista," alisema, "ng'ombe ana miguu. Majani makavu hayana."

Nikamwomba aendelee. Akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akikata majani ya mteremko kwa mundu mrefu wa kusimama nao, kuanzia alfajiri umande ukiwa bado, kisha kuyageuza juani siku mbili tatu huku jicho likiwa kwenye mawingu, kisha kuyafunga mzigo na kuyabeba kichwani na mabegani. Pale panapoinuka sana hata mita 100 ni safari. Kwa hiyo vibanda vya majani vilijengwa pale pale yalipokatwa, na wakati wa baridi ng'ombe ndio waliohamishwa kutoka kibanda hadi kibanda wakala akiba iliyomo. Tangu siku ile naiangalia milima hii kwa jicho jingine. Kile kibanda cheusi kilicho peke yake, ambacho mgeni hudhani kimetelekezwa, ni ghala lililowekwa mahali pake kwa hesabu.

Hesabu hiyo bado inafanya kazi. Mwanzo wa kiangazi ng'ombe hupanda kwenye malisho ya kati, baadaye huenda hadi malisho ya juu kabisa, na Septemba hushuka. Maziwa ya ng'ombe wanaokula majani mabichi na makavu, bila majani ya kuvundika, ndiyo yanayotengeneza jibini ya huku, na tangu 2016 maziwa ya aina hiyo yanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kama chakula cha asili. Bonde lenyewe UNESCO ililitambua kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 2000, hifadhi yenye watu na ng'ombe ndani yake.

Hesabu ya pili ni ya theluji, na hii ni chungu. Mzee yule alininyooshea kidole dirishani, akanionyesha mwamba ulio nyuma ya nyumba, upande wa juu. Poromoko likija, mwamba unaligawa. Waliojenga walichagua mahali hapo baada ya kuuangalia mlima kwa muda mrefu. Hata hivyo mlima haukubali kusomwa wote. Tarehe 11 Januari 1954, baada ya theluji kuanguka mfululizo, poromoko liliishukia kata ya Blons asubuhi, na jioni likashuka jingine, likawakuta hata watu waliokuwa wakichimbua wenzao. Blons ilikuwa na watu wasiofika 400. Walikufa 57. Kwa karne nyingi misitu ya juu ilikuwa imekatwa kwa ajili ya malisho na mbao, na theluji haikuwa na kitu cha kuishika. Leo juu ya Blons kuna uzio wa chuma na miti iliyopandwa upya. Baadhi ya familia ziliondoka moja kwa moja.

Ninaokutana nao ni wa zile zilizobaki. Kuna bibi mmoja, mjane, ambaye jikoni kwake kuna jiko la kuni na meza iliyosukumwa hadi dirishani. Nilidhani ameiweka pale kwa ajili ya mwanga. Kumbe kutoka kwenye kiti chake anaona nyumba mbili za majirani, na wao wanaiona yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kila mmoja anawasha taa ya jikoni. Taa ya mmoja isipowaka, mwingine anapiga simu. Simu isipopokelewa, mtu anavaa viatu. Majira ya baridi yaliyopita alianguka bafuni, na jirani wa juu alikuwa mlangoni kabla hata wa ofisini kwetu hawajajua. Katika jengo la ghorofa sita kule mjini nimewahi kumkuta mgonjwa aliyelala sakafuni tangu jana yake, na ukuta mmoja tu unamtenganisha na jirani.

Labda neno la Jumanne lisingeniuma hivi kama ningekuwa natoka kwingine. Bibi yangu mzaa mama, huko Njombe, alikuwa na nyumba yake juu ya kilima, shamba likiizunguka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na bibi akahamishwa na wenzake hadi kando ya barabara. Nyumba, miti ya matunda na makaburi ya wazazi wake vikawa mahame. Mimi ni mtoto wa kijiji kile kipya. Nimechanjwa kwenye zahanati yake na nimejifunza kusoma kwenye shule yake. Bila kijiji kile nisingekuwa muuguzi, na sitakibeza. Ila bibi hadi miguu ilipomkatalia alikuwa akipanda kule mahame kulima na kufyeka makaburini, na akirudi haongei hadi amekula. Hakuna aliyeiweka ile kimya yake kwenye hesabu yoyote.

Nisieleweke kwamba kila mzee abaki juu. Kuna mmoja ambaye mimi mwenyewe nimemshauri ashuke, maana hawezi tena kutofautisha usiku na mchana na jiko lake ni la moto wa kuni. Ninachokataa ni kuchukua hali yake kuwa kipimo cha wote. Tena wakishuka wote, nani atakata majani? Mteremko usipokatwa, majani yake hurefuka, hulala chini kama nywele zilizochanwa, na theluji huteleza juu yake kwa urahisi zaidi. Wale wanaoonekana kuwa mzigo kwa barabara ndio ambao mashamba yao, yakikatwa na watoto wao au kukodishwa kwa jirani, yanailinda barabara hiyo hiyo. Hilo nalo liingie kwenye hesabu, pamoja na petroli ya gari langu.

Nimeomba kikao kijacho tuzungumzie jambo moja mahsusi: majirani wanaoangaliana taa wafundishwe kupima presha na sukari, na wapewe namba moja ya kupiga, ili mimi niende pale ninapohitajika kweli kweli na siku nyingine nisipande kwa ajili ya kipimo cha dakika tano. Nimeambiwa niandike pendekezo. Wenzangu mnaofanya kazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huko Makete, Ludewa, Mbulu, kwenye kaya zilizo mbali mbali namna hii: mnawapa majukumu gani, mnawapitia kila baada ya muda gani, na ni kitu gani ambacho hamkubali wakifanye bila muuguzi kuwepo? Niandikieni hapa chini kabla ya Ijumaa.