Mashimo yangu yaligeuka mabakuli

Udongo wa bustani yangu ni wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia kidole, na mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe mpaka linakushinda kuinua.

Mara ya kwanza nilichimba mashimo ya kupandia udongo ukiwa bado umelowa, sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, nikajaza samadi tupu iliyotoka zizini juzi yake, nikapandikiza nyanya. Nilijiona mjanja kweli. Siku chache tu, kingo za majani zikaungua, miche ikalegea. Nikang'oa mmoja: mizizi ya kahawia, laini, inanuka, na chini maji yametuama. Jembe lilikuwa limezisiriba kuta za shimo zikang'aa kama chungu, maji hayakuwa na pa kutokea. Samadi mbichi nayo ikamalizia kazi.

Msimu uliofuata sikugusa jembe mpaka donge nililofinya kiganjani lilipomeguka kwa kuguswa na kidole gumba. Udongo wa juu nikauweka kando yake, wa chini kando yake. Kuta nikazikwaruza kwa ncha ya panga, sakafu nikaitifua, kisha nikamimina maji nione yanavyoshuka. Mashimo matatu yalikuwa na maji hadi kesho yake. Hayo nikayafukia, nikainua tuta.

Kujazia, nilichanganya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza miezi kadhaa, nyeusi, inayonukia kama ardhi iliyonyeshewa. Samadi peke yake sitaki tena hata ikiwa imeoza vizuri, maana mizizi hujizungusha humo humo ikagoma kutoka. Kuna aliyenishauri nitie mchanga. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi ni kufyatua tofali, nikakataa.

Nikamwagilia, nikaacha wiki mbili mchanganyiko utulie, ndipo nikapanda jioni moja jua limepoa. Nyanya nilizizamisha hadi karibu na majani ya chini kwa sababu shina lake huota mizizi. Nyasi kavu nilitandaza juu tu; zikichanganywa ndani, vijidudu vinavyozioza hula naitrojeni ya mche, yaani kirutubisho kinachokuza majani.

Baada ya mavuno niling'oa shina moja kwa udadisi. Halikutoka kirahisi: mizizi ilikuwa imetoboa ukuta wa shimo, ikazama kwenye mfinyanzi wenyewe.