Kumbukumbu ya mradi: jengo la kale la matofali, maduka chini, makazi juu, na ghorofa ya nyongeza

Wiki ya 1 hadi 3: vipimo

Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa chokaa, sakafu za boriti za mbao, ghorofa tatu juu ya ile ya chini. Mpango ni maduka chini, ofisi ghorofa ya kwanza, makazi juu yake, ghorofa moja mpya paani, na ubavu mpya nyuma wa ngazi na lifti. Michoro ya zamani haikuaminiwa. Kila chumba kimepimwa mishazari yote miwili, kwa kuwa pembe mraba ni nadra humu. Penye nyufa vimebandikwa vipimo vya plastiki vyenye mistari ya milimita, vinasomwa kila Jumatatu.

Wiki ya 4: daftari la uzito

Udongo chini ya msingi umeshajibana kwa mzigo ule ule miaka mingi. Ukiondoa uzito kwanza, kisha ukaongeza usiozidi ule ulioondoka, huenda usilazimike kuchimba na kuimarisha msingi. Kazi hiyo ni ghali na ya hatari, hivyo daftari hili ndilo linaloamua kila kitu.

Vinavyoondoka: kuta za nusu tofali zilizoongezwa baadaye kugawa vyumba. Ukuta wa kimo cha mita 3.2 wenye lipu pande zote mbili una takriban kilo 830 kwa kila mita ya urefu wake. Ukuta wa fremu nyepesi na bodi za jipsamu unaochukua nafasi yake hauzidi kilo 160. Kati ya boriti kulikuwa na majivu na mchanga uliojazwa kuzuia sauti, unene wa milimita 80, karibu kilo 100 kwa mita ya mraba. Huo ni uzito wa kuuondoa, ila usisahau kwamba ndio uliokuwa ukinyamazisha sakafu.

Kinachoingia: paneli za mbao zilizogundishwa kwa tabaka za kupishana, unene wa milimita 140, takriban kilo 70 kwa mita ya mraba. Zege la milimita 200 lingekuwa karibu kilo 500, kwa hiyo halikujadiliwa sana.

Mzigo wa matumizi nao unahesabiwa: makazi kilo 200 kwa mita ya mraba, ofisi hadi 300, maduka 400 hadi 500. Chumba cha mafaili kimekataliwa ghorofani kabisa. Rafu zilizojaa karatasi huhesabiwa kilo 750.

Wiki ya 6 hadi 9: ncha za boriti

Boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na ukiitazama kwa macho hutaona kitu. Bisibisi ikisukumwa kwa mkono ikaingia sentimita mbili bila kubisha, ncha hiyo imekwisha. Kipimo cha unyevu kikizidi asilimia 20, kuvu wanaweza kuanza kazi. Kwa boriti zilizoharibika, sehemu mbovu hukatwa hadi kwenye mbao nzima, kisha kipande kipya huungwa kwa mabamba ya chuma na bolti. Ncha mpya huachiwa nafasi ya hewa kila upande. Ukiizungushia saruji ukaibana, itaoza tena.

Chanzo cha unyevu kilikuwa nje: maungo ya matofali yalikuwa yamejazwa upya kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi mvuke, kwa hiyo maji hutoka kupitia tofali lenyewe na uso wake hubanduka. Tunaitoa kwa patasi na nyundo ndogo hadi kina cha milimita 25. Grainda haitumiki, maana ikiteleza inakula kingo za tofali. Mchanganyiko mpya ni chokaa ya kugandia majini 1, mchanga 3, kisha magunia mabichi juu yake siku kadhaa.

Wiki ya 11: kufungua ukuta wa duka

Uwazi ni mita 4.5. Mihimili midogo ya chuma ilipenyezwa ukutani kila mita moja na kuegemezwa kwenye jeki pande zote mbili, ndipo ukuta ukakatwa. Kosa la kawaida ni kuchagua mhimili wa kudumu, ule unaobeba ukuta juu ya uwazi, kwa nguvu tu. Ukiruhusu ujipinde 1/360 ya uwazi, hiyo ni milimita 12.5, na lipu ya juu itapasuka. Tumekaza hadi 1/1000, yaani milimita 4.5, na mhimili ulisukumwa juu kwa jeki kabla ya kujaza pengo kati yake na ukuta wa juu. Kijazio ni saruji 1, mchanga 3, maji kidogo sana: ukifinya kiganjani kinabaki donge, na kiganja hakilowi.

Wiki ya 16: ubavu mpya

Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka nyongeza ionekane ni ya wakati wake, hivyo matofali mapya hayaigizi ya kale. Ugumu uko kwenye maungano. Jengo la kale limeshatulia, jipya litashuka. Kati yao kuna pengo la milimita 50, na sakafu mpya imeinuliwa milimita 8, kiasi kilichokadiriwa itashuka. Mabomba yanavuka kwa viungo vinavyonyumbulika. Penye milango, pengo limefunikwa kwa bamba la chuma lililofungwa skrubu upande mmoja tu.