Bunduki ya babu, geji 16: nabaki nayo au nihamie 12?

Kaskazi

 Leseni imeshakaa kwa jina langu alhamdulillah, kwa hivo bunduki ya marhumu babu sasa dhamana yangu. Kwa asokuwa na habari, ni shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kazi ya Ubelgiji, na ukiikunja ukatazama chini ya mitutu utaona imegongwa 16 ndani ya alama ya almasi, ndo geji yake, yaani kipimo cha upana wa mtutu. Babu akiitumia kwa kunguru tu huku shamba Kusini Unguja. Kunguru hawa si wa kwetu, waliletwa miaka ya 1890, na anaefuga kuku wa kienyeji anajua balaa lao, kifaranga kikitoka chini ya bawa la mama yake tu kishakwenda. Nguruwe wa mwitu wanaofukua mihogo wana wasasi wao na mbwa wao. Kima punju na paa nunga hawaguswi, wale wanalindwa, na mie sitaki hata mtu aniulize.

Mitutu nje ilishaanza kutu, hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na chuma. Ndani lakini inang'ara kama kioo, babu hakuwa akilala bila ya kuisafisha.

Suala ninaloulizwa kila siku ni kwa nini 16 na sio 12 kama wenzangu. Kwanza watu wanadhani 16 ni kubwa zaidi. Hapana, ni kama mabati, geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Babu alinifahamisha nikiwa mdogo, akasema chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe magololi 16 yaliyo sawa, gololi moja ndo upana wa mtutu, yaani kama milimita 16.8. Ukigawa 12 unapata 18.5, ukigawa 20 unapata 15.6. Na ratili ina wakia 16, kwa hivo gololi letu ni wakia moja barabara, na risasi ya kawaida ya 16 nayo inabeba marisau, vile vigololi vidogo vya ndani, ya wakia hiyo hiyo, gramu 28. Hesabu hii naipenda mpaka leo.

Masika

Hapa ndo pananiuma. Nilihangaika miezi kutafuta risasi, kila duka la Bara ninalopiga simu wanayo 12 tele, 16 hamna, mwisho nikapata duka moja wanazo boksi mbili, bei karibu mara mbili ya 12, nikalipa. Zimefika, nikatia moja kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi, imeingia vizuri, bunduki imefunga bila ya shida. Nilikuwa nshafurahi. Kisha nikasoma ubavuni mwa ganda, imeandikwa 70, yaani milimita, moyo ukanipiga, maana nilikumbuka babu akisema bunduki za zamani za Ulaya nyingi chemba zake ni fupi.

Nikaitoa, nikaenda kwa fundi wa mashine mjini, kanichongea kijiti cha shaba chenye unene wa risasi, tukakiteremsha pole pole mpaka kikagota pale chemba inapoanza kubana. Tukapima. Milimita 65.

Sasa sikilizeni kwa nini nalisema hili kwa uchungu. Ile 70 ni urefu wa ganda likishafyatuliwa, mdomo wake ukishafunguka, kabla ya hapo umekunjwa ndani ndo maana risasi inaingia kwenye chemba fupi bila ya kukwambia kitu. Ukifyatua mdomo unafungukia mahali penye kubana, njia inakuwa nyembamba, nguvu ya baruti inapanda, na mitutu ya umri ule haikujengewa hayo. Duka hawakuniuliza na mie sikuuliza. Boksi zote mbili nimerejesha, nimengoja tena mpaka zikaja za 65.

Na jengine, ami yangu ana 12, na kuchanganya risasi za geji mbali mbali ni hatari, kwa hivo zetu hazikai chumba kimoja. Hatari ijulikanayo zaidi ni ya 20, inateleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele, mtu anadhani hakutia kitu anatia ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi, ndo sababu za 20 zikatengenezwa rangi ya manjano.

Kusi

Tumemwarifu sheha, tukaenda mie na ami kwenye shimo la mchanga lililoachwa, kila mtu na yake. Karatasi kubwa, hatua 30, duara la sentimita 76. Yangu, gramu 28, matundu 158. Ya ami, gramu 32, matundu 181. Nilihesabu mwenyewe kwa kalamu, tundu tundu. Kunguru hajui tofauti ya hapo. Lakini kwenye mizani yangu ni kilo 2.8 na ya ami 3.3, na hiyo nusu kilo ukizunguka maweni tangu alfajiri unaijua begani.

Kwa hivo bunduki yenyewe haina ila. Kilichoiangusha 16 ni soko, Marekani ile 20 yenye chemba ndefu iliichukulia nafasi yake tokea miaka ya 1950, mashindano yao ya skiti, yale ya kupiga visahani vinavyorushwa hewani, yanachezwa kwa 12, 20, 28 na .410, yeye hayumo. Wafaransa na Wajerumani bado wanaitumia, na hao ndo wanaotufanya tupate risasi. Anaeanza leo hapa Unguja nitamwambia achukue 12, nisimdanganye. Mie nabaki na 16, sipigi zaidi ya risasi mbili tatu kwa wiki na bunduki hii imenikaa begani kama nilishonewa.

Nimebakiwa na risasi 31. Oda nyengine naipeleka kabla ya vuli, safari hii nimeandika 65 kwa herufi kubwa na nimewataka wanipigie picha ya ubavu wa ganda kabla sijatuma pesa.